Namna ya kuandaa ahadi ya maridhiano kati ya kampuni ya utalii na wenyeji wa mwambao wa Ziwa Victoria

Kampuni nyingi za utalii zimebandika ukutani karatasi inayosema "tunaheshimu jamii zinazotuzunguka". Muulize mama anayeanika dagaa kwenye mwalo ambako boti ya kampuni hutia nanga kila Jumamosi, utakuta hana habari nayo. Mwongozo huu ni wa kampuni ya upande wa Tanzania inayotaka kuandika ahadi ambayo mama huyo anaijua, anaweza kuidai, na anaweza kuitumia kuizuia boti. Hilo la mwisho ndilo kipimo chetu. Kama mwalo hauwezi kusema "leo hapana" na boti ikageuza, bado hamjaridhiana.

Tenga miezi sita kabla ya kutia sahihi. Tenga pia watu wawili: mwenye kampuni mwenyewe, na mfanyakazi mmoja anayesema lugha ya pale mnapokwenda, iwe Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza. Mwenye kampuni asimtume afisa uhusiano badala yake. Wazee wanajua anayeweza kuamua na anayebeba salamu tu.

Cha kujifunza Australia

Australia wana utaratibu uliokomaa. Taasisi ya Reconciliation Australia, iliyoanzishwa 2001, inasimamia tangu 2006 mipango ya maridhiano ambayo makampuni, shule na ofisi huandika kuhusu uhusiano wao na Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait. Mpango una nguzo tatu: uhusiano, heshima na fursa. Una pia ngazi nne, kuanzia ya kujitafakari hadi ya kuwa kiongozi wa wengine, na anayeanza hujitazama nafsi yake kwanza kabla ya kuahidi makubwa. Mpangilio huo unafaa kuigwa. Kinachofaa zaidi ni kujua ulipovunjika.

Mei 2020 kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, magharibi mwa Australia, yenye alama za binadamu za miaka 46,000, mali ya urithi wa watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Kibali cha serikali ilikuwa nacho. Mpango wa maridhiano ilikuwa nao pia, tena wa ngazi ya juu kabisa. Wenyeji walipinga, lakini hawakuwa na kura ya kuzuia baruti. Reconciliation Australia iliisimamisha kampuni hiyo baada ya uharibifu kutokea, na mapango hayarudi.

Sasa tazama Uluru, mwamba mkubwa katikati ya Australia. Waanangu, wenyeji wa pale, walirudishiwa hati ya ardhi yao Oktoba 26, 1985, wakaikodisha kwa serikali iendelee kuwa hifadhi. Kwa miaka mingi waliwaomba watalii kwa upole wasiukwee mwamba huo, na watalii wakaendelea kuukwea. Ilipofika Novemba 2017, bodi ya hifadhi, ambayo wajumbe wake wengi ni Waanangu, ilipiga kura kufunga njia ya kukwea, na ikafungwa Oktoba 26, 2019. Bango la kuomba heshima halikufua dafu. Kura ndiyo iliyofunga njia.

Cha kuacha ni lugha yao. Huku kwetu historia ni nyingine, na mwenye kampuni huenda naye ni mtoto wa Magu au Sengerema. Madeni ya mwambao huu ni ya aina yake: watu waliohamishwa kupisha hifadhi, fukwe zilizozibwa na uzio, nyavu zilizokatwa, picha zilizouzwa bila idhini, na simulizi zinazoanza siku Mzungu alipofika. Andika "wenyeji", kisha utaje kijiji na mwalo kwa jina.

Anza na daftari la madeni

Mwezi wa kwanza usiitishe mkutano wowote. Chukua daftari, kaa na manahodha na waongoza wageni wako, mpitie kila safari mnayouza. Kwa kila mahali boti inapogusa nchi kavu, andika: ardhi ni ya nani, tunamlipa nani, kiasi gani, na stakabadhi iko wapi. Andika pia nani anaonekana kwenye picha zetu za matangazo na kama aliulizwa. Halafu andika ugomvi wote unaokumbukwa: wavu uliokatwa na propela, mgeni aliyetembea juu ya dagaa, ngoma iliyochezwa na wachezaji wakapewa soda. Manahodha watasita mwanzoni, hivyo waambie mapema kwamba hakuna atakayekatwa mshahara kwa atakachosema, na lishike neno hilo.

Safu moja ya daftari iwe ya simulizi, kwa sababu maneno nayo huacha deni. Chukua Rubondo. Mwongoza wageni yeyote atakueleza kwamba sokwe waliletwa kisiwani kutoka bustani za wanyama za Ulaya kuanzia 1966. Ni wachache wanaosema kwamba kisiwa kilipofanywa pori la akiba katikati ya miaka ya 1960, kabla ya kuwa hifadhi ya taifa 1977, familia za wavuvi na wakulima zilizokuwa zikiishi pale zilihamishwa. Mgeni anaondoka akijua sokwe walivyofika na hajui watu walivyotoka. Saanane nayo ni hivyo hivyo. Wageni wengi hudhani ni jina tu la kisiwa, kumbe ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa na makazi yake pale kabla serikali haijaweka bustani ya wanyama mwaka 1964. Jina lake litajwe lote, na litajwe kwanza.

Mkitaja ziwa, acheni kusema mpelelezi Mwingereza Speke "aligundua". Speke aliliona ziwa hili upande wa Mwanza Agosti 1858 akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wanalivua na kuliita Nyanza kabla babu yake hajazaliwa. Mwambie mgeni majina yote mawili na asili ya kila moja.

Kabla ya kuomba kikao, lipa

Madeni yaliyo wazi yalipwe kwanza. Kama boti yako ilikata wavu wa mtu na shahidi yupo, nenda na fedha ya wavu mpya, kamba na maboya, pamoja na fidia ya siku ambazo hakuvua. Bei ya wavu iulizwe dukani siku hiyo hiyo, isikadiriwe ofisini. Mlipe mbele ya mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho kila mtu mwaloni hukiita BMU, na muandikishiane. Radhi inayotangulia fidia husikika kama ujanja wa kukwepa kulipa. Usipige picha siku hiyo, wala usiende na fulana za kugawa.

Nani wa kukaa naye, na lini

Hapa ndipo wengi hukosea. Kampuni humtafuta mwenyekiti wa kijiji, humpa mkono, na kuona kazi imekwisha. Mwenyekiti ni wa kuchaguliwa, na uchaguzi wa serikali za mitaa ukibadilisha sura, makubaliano yanaondoka naye. Kinachobaki ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa ardhi sheria iko wazi: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Basi hata kwa jambo dogo kama sehemu ya kushushia wageni, fuata njia hiyo hiyo. Ukiwa mjini Mwanza, kama Luchelele au Igombe, anza na ofisi ya mtaa.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Unapiga hodi kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, unaeleza nia na kuomba ruhusa ya kuzungumza na makundi. Kisha unakaa na kila kundi peke yake: BMU, wanawake wanaonunua na kuanika dagaa, wazee wanaotunza maeneo ya matambiko, vijana wa boti na bodaboda, na viongozi wa vikundi vya ngoma. Mwishoni wote wanakutana kwenye mkutano mkuu. Wanawake wakikutana nawe mbele ya matajiri wa mitumbwi hawatasema kinachowauma. Wakiwa peke yao utasikia ndani ya nusu saa.

Tarehe itafutwe kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya ofisi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazishindani na mwezi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika karibu wiki nzima. Hapo ndipo wavuvi wako nyumbani na wanawake hawana mzigo wa kuanika. Ukiitisha kikao siku za giza, utapata wazee wawili na watoto, halafu utaandika kwenye taarifa kwamba "jamii ilishirikishwa". Ukiwa na vijiji vya wakulima, epuka Novemba na Desemba, jembe likiwa shambani.

Posho ya kikao izungumzwe wazi tangu mwanzo: kiasi kimoja kwa kila mjumbe, kitangazwe mbele ya wote, kisainiwe kwenye karatasi moja. Bahasha ya pembeni kwa kiongozi mmoja, hata ikiwa ya nia njema, inaua imani ya mkutano mzima, na habari zake hufika mwaloni kabla hujafika kwenye gari.

Kikaoni salimia kwa lugha ya pale, shikamoo zitangulie kwa wazee, halafu nyamaza. Swali la kwanza liwe moja tu: "Tumewakosea wapi?" Lisifuatwe na maelezo ya kujitetea. Andika majibu kwa maneno yao, uwasomee mwisho wa kikao, uulize kama umeandika sawa.

Karatasi yenyewe

Isizidi kurasa mbili. Iwe ya Kiswahili, maandishi makubwa ya kusomeka na mzee asiye na miwani, na isomwe kwa sauti yote mkutanoni kabla ya sahihi. Kila mstari uwe na vitu vitano: kitendo, jina la anayehusika upande wa kampuni, tarehe, kiasi, na jina la mtu wa kijijini atakayethibitisha kwamba kimefanyika. Mstari usio na vitu hivyo utolewe. "Tutathamini utamaduni" ukiutafutia tarehe na kiasi utaona hauna. Badala yake andika, kwa mfano: "Kuanzia Julai 1, nahodha wa zamu atazima mwendo kasi mita 200 kabla ya ufuko na kuingia kwa njia iliyowekwa maboya na BMU. Akikata wavu, kampuni italipa ndani ya siku 7. Atakayethibitisha ni katibu wa BMU."

Ada ya mgeni ipangwe kwa kichwa, isiwe kwa hisani. Mfano wa hesabu: mkikubaliana shilingi 10,000 kwa mgeni, boti ya wageni 8 inaleta 80,000. Safari tatu kwa mwezi ni 240,000, na mwaka mzima 2,880,000. Fedha iingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, mmoja wao mwanamke, isiingie kwenye simu ya mtu. Stakabadhi ziwe nakala tatu, na jumla ya kila mwezi ibandikwe kwenye ubao wa mwalo. Matumizi yaamuliwe na mkutano mkuu. Kampuni isiwachagulie darasa au kisima kisha ikaweka bango lake juu yake.

Ngoma ni kazi, na kazi ina ujira. Bagika na Bagalu ni vyama vya ngoma vya Wasukuma vyenye historia, mashindano na dawa zao, na Wabayeye, wanaocheza na nyoka, ni mafundi wa fani yao. Mkitaka kikundi kije hotelini, mkataba utaje saa, malipo, nauli na chakula, na nusu ilipwe kabla. Bora zaidi mpeleke mgeni kwao: Bujora, Kisesa, makumbusho yaliyoanzishwa na padri David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe, au kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Juni, ambako ngoma inachezwa kwa sababu zake na mgeni anakuwa mtazamaji. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi dhidi ya matumizi ya kibiashara bila idhini, kwa hiyo kurekodi wimbo na kuuweka kwenye tangazo lako si jambo la kupita hivi hivi.

Kwa wenye loji kuna mstari wa ziada: njia ya maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na uzio unaoshuka hadi majini hufunga njia ya kuchota maji na mahali pa kuanika nyavu. Fungua njia hiyo kabla hujaandika neno maridhiano popote. Anayezunguka nusu saa na ndoo kichwani hatakusikiliza.

Picha na mambo yasiyouzwa

Ingieni kwenye mkutano na orodha fupi ya vitu ambavyo kampuni haitaviuza kamwe, kisha wenyeji waongeze vyao. Vitatu vinapaswa kuwemo tangu mwanzo.

Watu wenye ualbino wasipigwe picha, wasitajwe kwenye matangazo wala kufanywa sehemu ya ziara, Ukerewe au kwingine. Wameshambuliwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, na picha yenye jina la kijiji inaweza kumwonyesha mwovu mlango. Mgeni akiuliza, mwongozaji anajibu kwa ufupi na kuendelea na safari.

Makaburi ya Bwisya, Ukara, walikozikwa baadhi ya waliokufa kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 20, 2018, si kivutio. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha na ndugu zao bado wapo kijijini. Boti ikipita, injini ipunguzwe. Kushuka ni kwa kualikwa.

Maeneo ya matambiko, miamba na miti, yaorodheshwe na wazee wenyewe, na wakitaka yasiandikwe basi yasiandikwe. Nahodha aonyeshwe kwa kidole na akumbuke. Ramani yenye alama ya kila mahali patakatifu inavuja siku hiyo hiyo kwenye simu za wageni.

Kwa picha nyingine zote, anayeulizwa aulizwe kabla kamera haijainuliwa, na aambiwe picha itatumika wapi. Taarifa binafsi zina sheria yake tangu 2022. Weka fomu ya mistari sita ya Kiswahili, na aliyesaini apate nakala.

Maneno ya kutambua wenyeji

Australia hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kukaribisha mgeni kwenye nchi ni haki ya mwenye nchi peke yake. Kuwatambua wenye nchi anaweza mtu yeyote. Mwongoza wageni aliyezaliwa kwingine asijifanye mwenyeji wa Ukerewe. Kazi yake ni kutambua. Kukaribisha anaachiwa mzee wa pale, naye alipwe kwa muda wake.

Maneno ya kutambua yasemwe injini ikiwa imezimwa, kabla ya kushuka, na yasizidi dakika moja. Mfano: "Tunafika Ukerewe, kisiwa cha Wakerewe, wanaoishi pamoja na Wajita, Wakara na wengine. Ziwa hili waliliita Nyanza kabla ya kuitwa Victoria. Mwalo huu ni mahali pa kazi, tutapita pale tulipoonyeshwa. Wakisema turudi, tunarudi." Sentensi ya mwisho isiachwe, hata kama wageni watashangaa.

Haki ya kukataa

Huu ndio mstari utakaowauma wahasibu wenu, na bila huo zingine ni mapambo. Kijiji kiwe na haki ya kufunga mwalo kwa wageni siku yoyote, kwa msiba, tambiko, msimu mkubwa wa dagaa au sababu wasiyotaka kuitaja. Taarifa itolewe kwa simu kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Kwa msiba, hata asubuhi yenyewe. Kampuni haidai fidia na haiulizi mara ya pili.

Ili hilo liwezekane, mfanye mambo mawili mapema. Kila safari iwe na mbadala uliolipiwa tayari kwenye bei, kwa mfano Saanane au Bujora. Na mkataba wa mgeni useme: "Ziara ya kijiji hufanyika kwa ridhaa ya wenyeji siku hiyo. Wakiahirisha, utapelekwa safari mbadala au utarudishiwa sehemu ya gharama ya kijiji." Mgeni aliyesoma hilo kabla ya kulipa hagombani bandarini. Ambaye hakuelezwa atamgombeza nahodha, nahodha ataingiza boti kwa nguvu, na kazi ya miezi sita itakwisha ndani ya dakika kumi.

Ufuatiliaji

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Omba dakika kumi na tano kwenye kila mmoja. Soma mambo matano: safari zilizofanyika, idadi ya wageni, fedha iliyolipwa, malalamiko na majibu yake, na ahadi ambazo hazikutimia pamoja na sababu. La tano lisomwe kwa ukamilifu, kwa sababu wajumbe wanalijua tayari na wanasubiri kuona kama utalitaja.

Daftari la malalamiko likae mwaloni, kwa katibu wa BMU au kwa mama lishe anayeaminika, na kila lalamiko lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba. Kundi la WhatsApp linasaidia vijana. Haliwafikii wanaoanika dagaa.

Ahadi idumu miaka miwili, kisha ipigiwe kura upya. Kijiji kikikataa kuendelea, ulizeni sababu mara moja, iandikwe, na muage vizuri. Ndani ya siku 14 ondoeni jina la kijiji na picha zake kwenye tovuti na vipeperushi, ng'oeni vibao vyenu ufukweni, lipeni ada zote zilizobaki, na mkabidhi nakala za picha zote kwa ofisi ya kijiji.